Uzi: Hekalu la mlimani ambako mbwa hupandishwa kuombewa. Kwa nini mbwa mwitu ndiye mlinzi wa mlima ule?

Mama Zuhura (mleta uzi)
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Jumamosi iliyopita. Tunaishi upande wa magharibi wa Tokyo kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Tanga. Tuliona tumpeleke mahali penye miti na hewa safi, tukachagua mlima wa Mitake ulioko Ome, ambao juu yake kuna hekalu la Kishinto, yaani la dini ya asili ya Wajapani, liitwalo Musashi Mitake. Tulishuka stesheni ya Mitake, tukapanda basi kwa dakika kumi hivi, kisha tukaingia katika treni ndogo inayovutwa mlimani kwa kamba ya chuma. Kilele kina urefu wa mita 1,000 na kidogo.

Ndani ya treni ile mama mkwe aliketi karibu na mwanamke mwenye kigari cha mtoto kilichofunikwa shali. Yeye hawezi kumpita mtoto bila kumsemesha, basi akainama, akainua upindo wa shali kwa kidole kimoja, na akakutana na pua nyeusi iliyolowa na macho mawili yanayomtazama. Alikuwa mbwa mdogo aliyevishwa sweta ya kufumwa. Mama alijivuta nyuma, akakusanya baibui lake mapajani, na hakusema neno mpaka tulipofika juu. Huko tukakuta mbwa wengine wengi, na katika ua wa hekalu lenyewe tukaona familia ikitoka kwenye ukumbi wa sala pamoja na mbwa wao, ambaye alikuwa ametoka kuombewa na kuhani.

Mama mkwe aliniuliza hivi: "Mwanangu, mahali ambapo watu wananawa mikono na kusukutua vinywa kabla ya kusogea mbele ya mungu wao, mbwa anaingiaje?" Sikuwa na jibu. Jirani yetu Mjapani ameniambia tu kwamba mbwa mwitu ndiye anayeulinda mlima ule. Kwa nini awe mbwa mwitu, na si simba au ndege? Anayejua anieleze, maana swali hili linarudi kila jioni tukimaliza kula.

Mkaazi wa Hachioji
Karibu sana, dada, na umpe mama salamu zetu. Nianze kwa kusahihisha kidogo: kilele cha Mitake kina mita 929, na hekalu limejengwa hapo hapo kileleni. Treni ile inakushusha kwenye mita 831, sehemu iliyobaki unatembea.

Kuhusu swali lako, jibu ambalo wenyeji wa mlimani hulitoa ni hadithi ya Yamato Takeru, mwana wa mfalme ambaye alitumwa mashariki kuwatiisha waliokataa utawala wa baba yake. Alipokuwa akipita milima ile, pepo mbaya alijigeuza kulungu mweupe, akaleta ukungu mzito, na jeshi likapoteza njia. Ndipo akatokea mbwa mwitu mweupe, akawatangulia mpaka wakatoka salama. Yamato Takeru akamwambia arudi mlimani na kuulinda dhidi ya kila ovu. Tangu hapo anaitwa Oguchi Magami, maana yake ni mungu wa kweli mwenye kinywa kikubwa, na watu wa kawaida humwita Oinu-sama, yaani Bwana Mbwa, kwa heshima. Nyuma ya ukumbi mkuu kuna hekalu dogo lake peke yake. Kwa hiyo mbwa wanaopandishwa kule wanakwenda kwa mkubwa wao.

Bin Seif, Maskati
Namwelewa sana mama mkwe. Sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tumefundishwa tangu utotoni kwamba chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mtu aliyezoea hivyo hawezi kumwona mbwa katika ua wa ibada bila kushtuka. Lakini mkumbusheni pia Watu wa Pangoni. Katika sura ya Al-Kahf vijana wale wamelala ndani ya pango, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Mlima upo, mlango upo, na mlinzi aliyeketi mlangoni ni mbwa. Sisemi kwamba ni jambo moja, kwa sababu mbwa yule haombwi wala haabudiwi. Nasema tu kwamba mbwa kuwa mlinzi wa mlango mtukufu si wazo geni kabisa kwa mama.

Bwana Shamba, Morogoro
Hadithi ya mwana wa mfalme ni nzuri, lakini mimi natafuta jibu shambani. Milima ile iliishi watu waliolima mtama, ngano, soya na mboga kwenye miteremko, na adui zao wakubwa walikuwa nguruwe mwitu na kulungu. Mbwa mwitu huwala wote wawili. Mkulima ambaye hana bunduki wala uzio wa waya atampenda nani kama si mnyama anayewala wezi wake?

Mwaka juzi nililala kibandani siku 19 mfululizo nikilinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Usiku wa tisa nilisikia chui akikohoa upande wa korongoni, na nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi, kwa sababu nguruwe hawakutokea usiku ule wala uliofuata. Mtu wa mjini hawezi kuelewa furaha ile. Wakulima wa Mitake walikuwa na furaha hiyo kwa karne nyingi, wakaipa jina na kuijengea hekalu.

Mwanalugha wa Kyoto
Nasoma Kijapani cha kale, kwa hiyo naomba kuongeza mambo mawili.

La kwanza ni sahihisho kwa Mkaazi wa Hachioji. Habari ya Yamato Takeru na kulungu mweupe imo katika Nihon Shoki, kumbukumbu iliyokamilishwa mwaka 720. Humo tukio halitokei Mitake bali katika milima ya Shinano, mbali upande wa magharibi. Mwana wa mfalme anamuua yule kulungu kwa kumrushia kitunguu cha mwituni, anapotea njia, na anayekuja kumwongoza mpaka nchi ya Mino ni mbwa mweupe. Maandishi yanasema mbwa, hayasemi mbwa mwitu. Kwa hiyo mlima wa Mitake uliichukua hadithi baadaye na kuifanya yake, na njiani mbwa akageuka kuwa mbwa mwitu.

La pili ni sauti. Kijapani humwita mbwa mwitu *okami*, ambapo o ya kwanza huvutwa. Neno linalomaanisha mungu mkuu nalo hutamkwa *okami*, kwa o ile ile ya kuvutwa, ingawa huandikwa kwa herufi nyingine. Katika lugha ambayo mnyama na mungu wanaitikia jina moja, si ajabu watu wakaanza kumwinamia.

Mkaazi wa Hachioji
Nashukuru kwa sahihisho, na nalipokea kwa upande wa maandishi. Hata hivyo sikubali kwamba habari ya mlimani inapoteza thamani kwa sababu kitabu cha mji mkuu kilisema vingine. Wenyeji wana simulizi zao za mdomo, nao wanamzungumzia Oinu-sama kama mtu azungumzavyo juu ya babu yake. Na hilo la sauti sijaridhika nalo. Kama sauti ingetosha, mbwa mwitu angekuwa mlinzi wa kila hekalu la nchi nzima, wakati nijuavyo mimi ibada yake imeshika hasa katika milima hii ya Kanto, ukanda unaozunguka Tokyo, yaani Mitake na Mitsumine iliyoko Chichibu, ambako sanamu za mbwa mwitu zimesimama mahali ambapo kwingine husimama simba wa mawe.

Askari Pori Mstaafu
Naomba tusichanganye wanyama. Hapa Afrika Mashariki "mbwa mwitu" ni yule mwenye mabaka mabaka na masikio ya duara, ambaye huwinda kwa makundi. Mnyama wa Japani ni jamii nyingine, ile ile ya mbwa wakubwa wa porini wa Ulaya na Asia, isipokuwa yeye alikuwa mdogo wa umbo na mwenye miguu mifupi. Nasema *alikuwa* kwa sababu hayupo tena. Wa mwisho anayejulikana kwa hakika alipatikana mwaka 1905 katika mkoa wa Nara. Kwa hiyo Mama Zuhura ameuona mlima ambao mlinzi wake ametoweka kwa zaidi ya miaka 100, na bado anaombwa ulinzi kila siku.

Bwana Shamba atapenda kujua kwamba kulungu sasa wamezidi katika milima mingi ya Japani, wanabandua magome na kumaliza miche, hata wasimamizi wa misitu wanalazimika kuwapunguza kwa bunduki.

Bwana Shamba, Morogoro
Nimejua, na nimesikitika. Ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Fundi wa Kawasaki
Nimeishi Japani miaka 11, nami naona wote mmelipita jambo la mlangoni. Mwenye nyumba wangu wa kwanza, mzee wa miaka 80 na ushee, alikuwa amebandika juu ya mlango wa ghala lake karatasi yenye picha ya mnyama mweusi aliyeketi, meno nje. Nilipomuuliza alinijibu kwamba ni Bwana Mbwa wa Mitake, anazuia wezi na moto. Akanieleza kwamba zamani vijiji vya tambarare vilikuwa na vyama vya kuchangiana, kila mwaka wanachama wachache wanachaguliwa kwa kura kwenda mlimani kwa niaba ya wote, wanalala katika nyumba za makuhani waitwao *oshi*, na wanarudi na karatasi za kugawa kijijini. Nyumba zile za wageni zipo mpaka leo, njiani kutoka kwenye treni hadi hekaluni, na familia inaweza kulala humo.

Kwa hiyo mimi nasema chanzo ni moto na wezi. Nchi ya nyumba za mbao na karatasi iliuogopa moto kuliko nguruwe. Mbwa hubweka anaposikia harufu ya moshi au hatua za mgeni, na mbwa mwitu ni mbwa aliyezidi.

Muuguzi wa Mombasa
Fundi amefungua mlango, nami naingia na ugonjwa. Mwaka 1858 kipindupindu kilienea Japani na kuua watu wengi mjini Edo, ndiyo Tokyo ya sasa. Watu wengi waliamini kwamba ugonjwa ule uliletwa na roho za wanyama wadogo kama mbweha wanaomwingia mtu tumboni, na wa kuwafukuza mbweha ni mbwa mwitu tu. Karatasi za mbwa mwitu, hasa zile za Mitsumine, zilitafutwa kwa pupa, na hata mafuvu ya mbwa mwitu yalitumiwa kama kinga. Nimefanya kazi katika kambi ya kipindupindu. Mama mmoja alinisihi nimruhusu afunge hirizi kwenye mguu wa kitanda cha mwanawe, karibu na dripu, na mimi nilimruhusu, kwa sababu dripu ilikuwa ikiendelea na mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya. Kwa hiyo siwacheki watu wa 1858.

Ila kuna jambo lenye uchungu hapo. Kichaa cha mbwa kiliingia Japani kupitia Nagasaki mwaka 1732 na kuenea, kikawaingia pia mbwa mwitu, na wakaanza kuuma watu. Mnyama aliyeombwa afukuze ugonjwa alikuwa mwenyewe ni mgonjwa, na baadaye aliwindwa na kutegewa sumu mpaka akaisha.

Kijana wa Ilala
Nawashukuru wote. Lakini, Mama Zuhura, umetuacha hewani. Mama mkwe alipanda zile ngazi za kwenda hekaluni? Nimesoma kwamba ni ngazi za mawe zaidi ya 300. Mwenzenu hapa Karume akipanda ghorofa ya nne anaomba maji.

Mama Zuhura
Alipanda zote, mdogo wangu, na alipumzika mara mbili tu. Na kwa kuwa umeuliza ngazi, niwaeleze kitu. Katika ngazi chache umechongwa uso wa zimwi, na desturi ni kumkanyaga unapopanda ili uovu ubaki chini. Mwanangu wa miaka saba alikuwa akikimbia mbele kuwatafuta, akimpata mmoja anaruka kwa miguu miwili na kupaza sauti, "Nimemkanyaga!" Mama mkwe alimpita zimwi wa kwanza kwa pembeni. Nikamwambia kwamba ndiyo desturi ya mahali, akanijibu, "Hajanikosea kitu." Wa pili akampita pembeni vilevile, huku ameshika ukingo wa chuma uliokuwa baridi hata akaufunika kwa ncha ya mtandio. Zuhura akaacha kuruka, akaanza kupita pembeni pamoja na bibi yake.

Kwenye maji ya kunawia ndipo mama alipotulia. Alinitazama nikinawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha nikisukutua kwa maji ya kiganjani bila kugusisha kata mdomoni, akasema, "Hawa wanajua twahara." Ndiyo maana habari ya mbwa ikazidi kumsumbua. Nimemweleza habari ya Watu wa Pangoni kama alivyoshauri ami Bin Seif. Amenyamaza, halafu akasema yule mbwa alibaki kizingitini, hakuingia ndani.

Bin Seif, Maskati
Mama ana hoja, na sina la kumjibu. Mpe heshima zangu.

Mpenda Hesabu
Naomba niseme lisilopendeza. Hadithi, wakulima, moto na kipindupindu vinaeleza mbwa mwitu wa kwenye karatasi. Havielezi mbwa mwenye sweta. Japani ya leo mbwa na paka wa kufugwa kwa pamoja wanazidi watoto walio chini ya miaka 15, na wenye mbwa wanamwita mbwa wao mtoto. Wanampeleka kuombewa kama ambavyo watoto wa miaka mitatu, mitano na saba wanavyopelekwa mwezi Novemba. Hekalu la mlimani linahitaji wageni, treni inahitaji abiria, nalo jina la Oinu-sama lilikuwepo tayari. Mimi naona chanzo ni upweke na mapato, na sivisemi kwa dharau, kwa sababu paa la hekalu linatengenezwa kwa fedha.

Mwanalugha wa Kyoto
Nakubaliana nawe nusu. Kama ingekuwa mapato peke yake, mahekalu yote yangefungua milango kwa mbwa, lakini mengi hayataki. Ise, lililo kuu kuliko yote, haliruhusu mbwa ndani. Unamwacha kwa walinzi langoni. Na bado ni Ise hiyo hiyo ambako, katika enzi ya Edo (1603 hadi 1868), watu waliokuwa wagonjwa au wazee walimtuma mbwa ahiji kwa niaba yao, amefungwa shingoni fedha na maelezo ya nyumba alikotoka, na wasafiri wa njiani wakimlisha na kumwongoza mpaka afike na arudi. Mbwa aliyetumwa kuhiji si wazo la wafanyabiashara wa siku hizi.

Nadhani tunakosea tunapodhani unajisi wao una mipaka ile ile tuliyonayo. Katika Ushinto kinachotia unajisi hasa ni kifo, damu na ugonjwa, na mate ya mbwa hayamo katika orodha hiyo. Wanaomkataza mbwa siku hizi mara nyingi wanaogopa kelele, kinyesi na usumbufu kwa wengine.

Sheha Mdogo
Kuna jambo limesahauliwa. Mnasema "hekalu la Kishinto" kana kwamba ndivyo lilivyokuwa siku zote. Kabla ya serikali kutenganisha Ushinto na Ubudha mwaka 1868, Mitake ulikuwa mlima wa wote wawili. Aliyeabudiwa kileleni alikuwa Zao Gongen, mwenye uso wa ghadhabu na mguu mmoja juu, ambaye ni wa watawa wa milimani waliokuwa wakifunga, kutembea usiku na kusimama chini ya maporomoko ya maji. Mpaka leo kuna wanaosimama chini ya maporomoko ya Ayahiro, nyuma ya mlima, kwa ajili ya sala. Watu wa namna hiyo waliishi porini na mbwa mwitu wakiwafuata nyuma usiku. Mimi naona mnyama alitokana na hofu na heshima za watawa wale, na hadithi ya mwana wa mfalme iliongezwa ili mlima uonekane wa kifalme.

Bwana Shamba, Morogoro
Sheha, watawa walikuwa wachache, wakulima walikuwa wengi. Nimekwenda kusoma baada ya mjadala huu, na nimekuta kwamba kila mwaka tarehe 3 Januari hekalu lile hufanya ibada ya *futomani*: bega la kulungu dume huchomwa motoni, na kwa nyufa zinazotokea huagua mazao yapi yatastawi mwaka ule. Basi tazameni. Pepo mbaya wa hadithi ni kulungu, mlinzi ni mla kulungu, na mfupa wa kulungu ndio unaotaja mavuno. Nyie mnaona nini hapo kama si shamba?

Mwanalugha wa Kyoto
Naona kitu kizuri mno, kaka yangu, na kwa sababu hiyo naogopa. Kuagua kwa bega la kulungu ni desturi ya kale sana Japani, imetajwa katika maandishi ya kwanza kabisa, wakati karatasi za mbwa mwitu zilienea hasa katika enzi ya Edo. Huenda vitu viwili vya umri tofauti vimekutana kileleni, nasi tunaviunganisha kwa sababu tunavikuta katika ua mmoja.

Fundi wa Kawasaki
Mama Zuhura, mlinunua ile karatasi ya mlangoni?

Mama Zuhura
Hatukuinunua. Nilimuuliza mama mkwe kama anataka zawadi kutoka pale, akachagua kopo la wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, kwa sababu muuzaji alimwonjesha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nimemsomea majibu yenu yote jana usiku, mmoja baada ya mwingine. Amewapa haki Bwana Shamba na Muuguzi, na ameniambia nimwambie Mpenda Hesabu kwamba naye hakukosea. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuniambia siku ile. Tulipokuwa tukingojea treni ya kurudi, yule mwanamke wa kigari alikuwa kwenye foleni mbele yetu, na kumbe alimwonyesha mama kwa ishara, bila lugha, kwamba mbwa wake haoni tena, akijigusa macho mwenyewe na kutikisa kichwa. Mama akauliza kwa vidole ana miaka mingapi. Akajibiwa vidole kumi, halafu sita.

Anataka turudi kabla hajaondoka, mwezi ujao. Mume wangu anauliza kama tutafika na kurudi siku ile ile, au tulale katika nyumba mojawapo ya wale *oshi*. Fundi, kama umewahi kulala huko, tafadhali nieleze kama wanaweza kutuandalia chakula kisicho na nguruwe wala pombe ya kupikia.

Fundi wa Kawasaki
Piga simu mapema na uwaeleze kila kitu waziwazi, mpaka mchuzi wa soya na mirin, ile pombe tamu ya kupikia, kwa sababu hutia pombe hata mahali ambapo hungetarajia. Nilipolala huko walinipa mboga za mlimani, samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, na tofu. Mwambie mama abebe soksi nzito. Sakafu za mbao ni baridi sana alfajiri.